JENGA STESHENI YA RELI KWA MABOKSI NA VIBERITI (Shilingi elfu tisa tu!)

Leo naomba tuweke pembeni siasa na habari za Simba na Yanga, tuongelee kitu ambacho wengi wetu tulikifanya tukiwa wadogo halafu tukakiacha tulipoingia sekondari. Nani hapa hajawahi kutengeneza gari la boksi la maziwa, matairi ya kandambili, ekseli ya waya? Basi kama uliwahi, mada hii ni yako.

Kuna watu duniani, tena watu wazima wenye familia zao, wanatengeneza reli ndogo zenye treni, stesheni, magodauni, madaraja na vijiji vizima. Wengine wananunua kila kitu dukani kikiwa tayari. Lakini wapo wanaoheshimika kuliko hao, nao ni wale wanaojenga majengo yao wenyewe kuanzia sifuri, kwa boksi, vijiti, karatasi na takataka za nyumbani. Leo nitaeleza wanafanyaje, na kwa nini nadhani sisi vijana wa Bongo tuna sababu nzito zaidi yao ya kuifanya kazi hii.

IMETOKEA WAPI?

Kampuni ya Märklin ya Ujerumani ilionyesha treni za kuchezea na reli zake kwenye maonyesho ya Leipzig mwaka 1891. Baadaye mchezo ukakua, watu wakataka treni ndogo ifanane na ya kweli kwa vipimo, siyo kwa sura tu. Hapo ndipo zikaja skeli. Inayotumika sana duniani ni 1:87, maana yake kila sentimita 87 za kweli zinakuwa sentimita moja. Pale Hamburg kuna Miniatur Wunderland, ilifunguliwa mwaka 2001, ukumbi mkubwa ajabu wa treni za skeli hiyo. Ukikaa kafe na una dakika za kutosha itafute video yake, utasahau kilichokuleta.

Lakini aliyenigusa mimi siyo wa Hamburg. Ni bwana mmoja aliyeitwa Roye England. Jina lake la ukoo ni England kweli, ila alizaliwa Australia. Alifika Uingereza mwaka 1925, akakaa kwenye bonde moja la vijijini lenye nyumba za zamani za kuezekwa kwa nyasi. Akaona zile nyumba zinabadilishwa moja baada ya nyingine, nyasi zinatolewa, vinawekwa vitu vya kisasa. Hakuwa na uwezo wa kuzuia. Alichofanya ni kuzipima nyumba zile na kuzijenga upya kwa karatasi ngumu, kwa skeli ya 1:76, akazipaka rangi za maji. Kwa paa za nyasi alitumia nyuzi zile ambazo mafundi bomba wa kwao walizungushia kwenye maungio ya mabomba ili yasivuje. (Fundi bomba wa kwetu anatumia katani kwa kazi ileile. Kumbe malighafi tunayo!) Kutokana na kazi hiyo likazaliwa jumba la makumbusho la Pendon, katika kijiji cha Long Wittenham, mwaka 1954. Hadi leo watu wanalipa kiingilio kuangalia vijumba vya karatasi.

Sasa geukia kwetu.

Reli ya Kati ilianza kujengwa na Wajerumani kutoka Dar es Salaam mwaka 1905. Ilifika Morogoro 1907, Tabora 1912 na Kigoma 1914. Njia nzima iliachiwa stesheni, magodauni ya mizigo, matangi ya maji ya injini za mvuke na nyumba za wafanyakazi. Mwezi Juni 2024 treni ya SGR ilianza kubeba abiria Dar hadi Morogoro, na Agosti 2024 Rais Samia akaizindua rasmi safari ya hadi Dodoma. Mimi siipingi SGR hata kidogo, ni maendeleo. Ila macho ya watu yamehamia kwenye stesheni mpya za vioo, na yale majengo madogo ya zamani yanabaki na popo. Mengine yataanguka yenyewe, mengine yatabomolewa, mengine yatapakwa rangi za mitandao ya simu. Ukipiga picha umeokoa sura ya mbele tu. Picha haikwambii ukuta ulikuwa na unene gani wala paa lilitoka nje kiasi gani. Anayejenga modeli analazimika kuyajua yote hayo. Kwa hiyo tofauti ya gari la boksi la utotoni na modeli ni moja tu: VIPIMO. Vipimo ndivyo vinavyogeuza boksi la viatu kuwa kumbukumbu.

Haya, tuingie kazini.

1. CHAGUA SKELI RAHISI

Ushauri wangu: achana na 1:87, tumia 1:50. Sababu ya kwanza ni hesabu. Kwenye 1:50, mita moja ni sentimita mbili, basi. Mlango wa mita 2 unakuwa sentimita 4. Mtu wa mita 1.7 anakuwa sentimita 3.4. Huhitaji kikokotoo.

Sababu ya pili ni reli yenyewe. Reli ya Kati ya zamani ina upana wa mita moja kati ya chuma na chuma. Kwenye 1:50 inakuwa sentimita 2 kamili. Treni za dukani za skeli ya 1:87 mara nyingi zinatembea kwenye reli ya milimita 16.5, ambayo inawakilisha reli ya milimita 1,435 kama ya SGR. Ukiiweka hiyo mbele ya stesheni ya Mjerumani umedanganya. Zipo za milimita 12 kwa ajili ya reli ya mita moja, ila bei yake tusiongee.

2. PIMA JENGO

Kabla ya yote: stesheni ni mali ya shirika na reli siyo barabara. Nenda kwa stesheni masta, msalimie vizuri, mweleze unachotaka kufanya, omba ruhusa ya kupima na kupiga picha. Usitembee juu ya reli na usipande juu ya paa. Ukikataliwa, rudi siku nyingine na barua kutoka serikali ya mtaa. Haraka ya nini?

Futikamba ukiwa nayo, safi. Kwa sehemu usizozifikia kuna ujanja. Chukua fimbo ya mita moja kamili, ipake mistari myekundu na myeupe kila sentimita 10. Isimamishe kwenye ukuta, simama katikati ya ukuta ule, mbali kidogo, piga picha ukiwa umenyooka nao. Kwenye picha, fimbo ikiwa sentimita 2 na ukuta sentimita 7, basi ukuta una mita 3.5. Hesabu ya darasa la saba hiyo.

Jengo likiwa la tofali za kisasa za inchi tisa kwenda juu, hesabu kozi. Kozi moja pamoja na udongo wake ni kama sentimita 25, kwa hiyo kozi 12 ni kama mita 3. Unene wa ukuta unaupimia mlangoni au dirishani, pale unapoonekana wazi. Andika kila kitu kwenye daftari, na tarehe. Lile daftari nalo ni mali. Usilitupe hata modeli ikiisha.

3. MANUNUZI

Hii ndiyo bajeti yangu kwa bei za maduka ya mtaani kwangu. Kwako inaweza kupanda au kushuka kidogo:

- Gundi nyeupe ya mbao, kopo dogo: 3,000
- Rula ya chuma: 2,000
- Brashi mbili ndogo: 2,000
- Msasa laini: 1,000
- Viberiti vitatu: 600
- Nyembe mbili: 400
Jumla: shilingi 9,000.

Vilivyobaki ni vya bure: maboksi ya viatu, trei la mayai, chupa ya maji, foili ya vyombo vya chakula cha kubeba, spoku chakavu kwa fundi baiskeli, mabaki ya rangi ya maji kwa fundi rangi, kalamu iliyoisha wino na pea moja ya kandambili iliyokufa.

4. KUTA

Tuchukue mfano wa godauni dogo la mizigo lenye urefu wa mita 12, upana mita 6 na kuta za mita 3.5. Kwa 1:50 unapata sentimita 24 kwa 12, kwenda juu 7. Linakaa hata juu ya kabati.

Tumia boksi la viatu lile gumu lisilo na mawimbi ndani. Boksi la mawimbi, kama la sabuni, litaonyesha matundu yake kila unapokata na jengo litaonekana boksi milele. Hilo litumie kwa msingi chini tu.

Karatasi ngumu moja ina unene wa milimita moja na kitu, yaani kama sentimita 5 au 6 za kweli. Hakuna ukuta wa godauni mwembamba hivyo. Gundisha karatasi mbili, tatu au zaidi hadi ufikie unene uliopima. Hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibika: dirisha likikatwa kwenye karatasi moja linakuwa kama limechorwa. Likizama ndani, macho yanaamini ni ukuta wa kweli.

Kata kwa wembe, ukiongozwa na rula ya chuma, na usikate kwa nguvu mara moja. Pitisha taratibu mara nne, tano. Madirisha na milango ikatwe kabla ya kuunganisha kuta. Kwenye kona gundisha vijiti vya pembe kwa ndani ili zisimame wima. Ukimaliza kugundisha tabaka, weka chini ya vitabu vizito usiku kucha, la sivyo zitajikunja. Na ukipaka rangi nje, paka na ndani pia, maana karatasi ikilowa upande mmoja inapinda kuelekea huko inakokaukia.

Kama ukuta ni wa mawe, chana trei la mayai vipande vidogo visivyolingana, vibandike kimoja kimoja, kisha sukuma gundi iliyochanganywa na unga wa chaki katikati yake. Trei lina ukwaru wake wa asili, likipakwa kijivu na kahawia ni jiwe kabisa. Kama ni ukuta wa tofali, chora mistari kwa ile kalamu isiyo na wino, ukikandamiza. Kama umepigwa plasta, gundi na unga wa chaki vinatosha.

5. PAA LA BATI

Hapa ndipo utawashangaza watu. Paa la mgongo, upana nusu ni sentimita 6 na mwinuko tuseme sentimita 3. Kumbuka Pythagoras: 6 mara 6 ni 36, 3 mara 3 ni 9, jumla 45, kipeo chake ni kama 6.7. Ongeza sentimita 1.3 za paa kutoka nje ya ukuta, unapata 8. Na kwa urefu ongeza sentimita moja kila upande, inakuwa 26. (Mwalimu wangu wa hesabu angefurahi.)

Sasa bati lenyewe. Bati la mawimbi la kawaida, kutoka wimbi hadi wimbi ni kama milimita 76. Gawa kwa 50, unapata milimita 1.5. Utatengenezaje wimbi la milimita moja na nusu? Nenda kwa fundi magari, omba boliti ya milimita 10, ile ya spana namba 17, yenye uzi wa kawaida. Uzi wake una nafasi ya milimita 1.5 kamili! Laza foili juu ya kandambili, bingirisha boliti juu yake ukikandamiza kwa kiganja, ukifuata mstari mmoja. Foili inazama kwenye kandambili na inatoka na mawimbi. Bati limezaliwa.

Usiezeke paa kwa kipande kimoja. Kata vipande vya upana wa sentimita 1.6 (sawa na sentimita 80 za kweli) na urefu wa sentimita 4 na kidogo. Anza na safu ya chini, kisha ya juu iikanyage ya chini, kama fundi wa kweli anavyofanya ili maji yasiingie. Kwa paa letu ni vipande 18 kwa safu, safu mbili kila upande, jumla 72. Ndiyo, inachosha. Weka redio. Bingirisha boliti taratibu, na usiyabonyeze mabati wakati wa kubandika.

6. MILANGO, MADIRISHA NA TANGI

Njiti ya kiberiti ina unene wa milimita 2, ambao ni sentimita 10 za kweli, saizi nzuri ya nguzo na fremu. Kata vichwa vyote kwanza, vilowekwe kwenye maji na kutupwa mbali na watoto. Mlango wa godauni unatengenezwa kwa njiti zilizopangwa pamoja kama mbao. Vioo ni vipande vya chupa ya maji, kata pale palipo tambarare.

Tangi la maji la enzi za mvuke? Kopo dogo la nyanya la gramu 70. Kipenyo chake ni kama sentimita 5, kwa skeli yetu ni tangi la mita 2.5. Miguu yake ni vijiti vya mishikaki. Bomba la kushushia maji ni mrija wa ndani wa kalamu.

7. RELI YENYEWE

Spoku ya baiskeli ina unene wa milimita 2, karibu na kimo cha chuma cha reli ya zamani, na imenyooka. Mataruma ni njiti za kiberiti: njiti mbili zikilala pamoja zinatoa upana wa sentimita 20, na urefu wake wa sentimita 4 ni kama mita 2 za kweli. Zipange kila baada ya sentimita 1.4. Acha sentimita 2 kamili kati ya spoku na spoku, ukipima kwa ndani. Kubandika spoku tumia supagluu, lakini kidogo sana.

Kokoto za relini ziko kama milimita 30 hadi 60, kwa hiyo unahitaji punje za milimita moja hivi. Chekecha mchanga kwa chujio la chai, vile vinavyobaki juu ndivyo vyako. Vimwage katikati ya mataruma, kisha dondoshea gundi iliyochanganywa na maji mengi na tone la sabuni ya vyombo. Sabuni inafanya gundi iingie chini badala ya kuelea juu.

8. RANGI NA UZEE

Modeli mpya inayong'aa inaonekana ya kuchezea. Stesheni ya miaka mia moja imechoka, ichoshe na ya kwako. Masizi ya sufuria yaliyopakwa kwa brashi kavu ni moshi wa treni. Udongo mwekundu uliochekechwa kwa soksi ya nailoni unapakwa chini ya kuta, pale mvua inaporusha matope. Kahawia iliyochanganywa na maji mengi, iteremke kwenye mabati kufuata mawimbi, ndiyo kutu. Kwa mwembe wa stesheni chukua kijiti chenye matawi, ubandike dodoki lililochanwachanwa na kupakwa kijani. Mwisho weka mtu mmoja wa waya na karatasi, sentimita 3.4. Bila mtu, macho hayajui jengo ni kubwa kiasi gani.

ITAKUSAIDIA NINI?

Najua swali hili litakuja kwenye maoni, na sitawadanganya kwamba kuna hela ya haraka. Utakachopata ni kusoma ramani, kupima, kukata kwa usahihi na kufikiri kama fundi: kipi kianze, kipi kibebe kipi. Anayetaka kusomea ujenzi au uchoraji wa ramani atafika chuoni akiwa tayari ana macho hayo.

Lakini kubwa kuliko yote ni ile ya bwana England. Yeye hakuwa na bajeti ya kulinda nyumba hata moja. Alikuwa na karatasi, wembe na uvumilivu, na leo kijiji kipo. Sisi tunalalamika kila siku kwamba serikali haitunzi majengo ya kale. Inawezekana ni kweli. Lakini shilingi elfu tisa na Jumamosi kadhaa, hayo hayahitaji waziri. Chagua jengo moja tu karibu na kwenu: kibanda cha pointi, nyumba ya genge la reli, tangi, hata choo cha stesheni. Lipime wakati bado limesimama. Na wazee waliofanya kazi relini bado wapo mitaani, waulize mlango gani ulikuwa wa tiketi na kengele ilining'inia wapi. Hayo hakuna futikamba itakayokupa.

Walioko Kenya nao wana reli ya mita moja iliyoanzia Mombasa mwaka 1896 na kufika Kisumu 1901, na kule nako SGR ilianza kubeba abiria 2017. Mambo ni yaleyale. Wa Mbeya na Makambako wana TAZARA, ila nyie kumbukeni reli yenu ni milimita 1,067, kwa hiyo spoku zikae milimita 21 na kidogo.

Ukimaliza yako andika hapa chini ni jengo gani, la wapi, na umetumia nini badala ya nilivyovitaja. Hasa nataka kusikia kuhusu vigae, maana paa la vigae sijaona njia nzuri kuliko kukata karatasi kipande kimoja kimoja. Mwenye ujanja autoe tufaidike wote.

Naomba kuwasilisha.